Mthamini hapangi bei

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Chake Chake, Pemba, baada ya sala ya alasiri, mbele ya masheha wanaosimamia mitaa na vijiji vyetu, wakulima, vijana wa udalali na watu wenye mirathi isiyogawiwa. Waliokosa kufika wameniomba niyaandike. Nimeyaacha yalivyo, ila picha nilizoonyesha ukutani nimeziondoa.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, masheha wetu, na nyinyi vijana mliojazana dirishani kana kwamba humu ndani kuna harusi, ahsanteni kwa kuja. Nilipokuwa navua viatu mlangoni nimemsikia mzee mmoja akimwuliza mwenzake, "Huyu ndiye yule anayepanga bei za nyumba za watu?" Mwenzake akamjibu, "Ndiye. Na hupanga chini." Nimefurahi sana, maana nilikuwa sijui nianzie wapi.

Mthamini hapangi bei. Nalirudia, na wa dirishani wasikie: mthamini hapangi bei. Bei hupangwa na watu wawili, muuzaji na mnunuzi, wakakaa barazani, mmoja akataja, mwengine akaguna, wakavutana mpaka wakapeana mkono. Mimi naandika rai. Rai yenye ushahidi, kwamba mali hii, yenye haki hii, kwa tarehe hii, ingeuzwa kwa kiasi gani baina ya mtu asiyelazimika kuuza na mtu asiyelazimika kununua, wote wawili wakiwa na akili zao na wakijua wanachokifanya.

Mtu anauza nyumba yake leo kwa sababu mtoto amelazwa na dawa zinatakiwa kesho. Alichopokea ni bei, lakini si thamani ya soko, maana alikuwa na kisu shingoni. Mwengine kanunua kiwanja mara mbili ya majirani zake kwa sababu kinapakana na cha kaka yake na hataki mtu apite katikati. Hiyo nayo ni bei, na roho yake imeridhika. Lakini je, jirani wa pili aje kwangu aniambie niandike kwamba na chake kina thamani hiyo hiyo? Siwezi. Yeye hana kaka wa kupakana naye.

Sasa mtaniuliza: kama hupangi bei, mbona watu wanakukasirikia? Kwa sababu kila anayeniita ana namba yake mfukoni kabla sijafika. Anayeuza ana namba kubwa. Anayekopa benki ana kubwa zaidi. Anayelipa fidia ana ndogo. Ukipenda, chongo huita kengeza. Nyumba uliyoisombea mchanga kwa gari la ng'ombe, tofali ukalifyatua mwenyewe, kwako haina ufa. Mimi nikifika nauona ufa, na nauandika. Hapo ndipo tunapokosana.

Niwape kisa cha huku huku Pemba. Kijiji sikitaji, maana wenyewe wengine wamo humu na wameshaanza kutazama chini.

Palikuwa na barabara inapanuliwa. Wapimaji walitangulia wakachomeka vigingi, sisi tukafuata kuhesabu mali zilizo ndani ya vigingi ili wenyewe wafidiwe. Mzee mmoja akatupokea vizuri, akatukatia madafu, kisha akanionyesha mikarafuu yake. Mikubwa kumi na miwili, na chini yake miche kama sitini, yote, kwa bahati ya ajabu, imeota ndani ya vigingi tu. Nikainama. Udongo ulikuwa laini, kidole kinazama mpaka kifundo. Majani yamelegea kama mchicha uliolala sokoni. Na baina ya mche na mche ni dhiraa moja, na nyinyi wote humu mnajua mkarafuu unataka hatua nane au tisa kutoka kwa mwenzake. Nikamwuliza, "Mzee wangu, hii miche ina umri gani?" Akasema, "Inakwenda miaka miwili." Mjukuu wake, kijana wa miaka sita hivi, akadakia nyuma yetu: "Babu, si ile ya Jumapili?"

Naam, chekeni. Sisi tulicheka, na mzee mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Lakini njiani nilijiuliza: mtu mzima, mtu wa sala tano, kwa nini atoke usiku na koroboi kwenda kuchomeka miche? Nikaona sababu. Alihofu kwamba ile mikarafuu yake mikubwa itahesabiwa kama vichwa vya kuku, mmoja, wawili, watatu, kila mmoja kwa bei moja. Na hofu yake haikuwa ya bure.

Hebu tuuthamini mkarafuu pamoja. Mkarafuu si mbao, na si mavuno ya mwaka huu. Ni mti unaokukalisha ukiusubiri miaka sita, saba, kisha ukishapevuka unaweza kumlisha mjukuu wako. Una mwaka wa neema na una mwaka wa ukame wake. Tuseme, kwa mfano tu, mti wako ukipima mwaka mwema na mwaka mbaya unakupa kilo 3 za karafuu kavu kwa mwaka. Tuseme kilo ni shilingi 14,000. Hizo ni 42,000. Toa malipo ya wachumaji, nao hulipwa kwa pishi, mnawajua. Toa kuchambua makonyo, vile vijiti vyake, kuanika, kupalilia, gari mpaka kituo cha kuuzia. Tuseme nusu imekwenda. Imebaki 21,000 kwa mwaka.

Je, thamani ya mti ni 21,000? Hapana. Ni 21,000 ya mwaka huu, na ya mwakani, na ya mwaka wa kesho kutwa, mpaka mti uchoke. Lakini shilingi utakayoipata mwaka wa thelathini huwezi kuihesabu sawa na iliyo mkononi leo, kwa hiyo kila mwaka unaokwenda mbele tunaipunguza. Tukipunguza kwa asilimia 10 kwa mwaka, mti uliobakiwa na miaka 30 ya kuzaa unafika karibu shilingi 198,000. Mti wa pili, umesimama pale pale, unazaa kilo zile zile, lakini umezeeka, matawi ya juu yamekauka, una miaka 5 tu: huo unafika kama 79,600. Miti miwili, shamba moja, mavuno sawa ya mwaka huu, na mmoja unauzidi mwengine zaidi ya mara mbili. Sasa mtu akija na jedwali lililoandikwa "mkarafuu" kwa mstari mmoja tu, mwulize: mkarafuu upi? Mwulize na jedwali limeandikwa lini, karafuu ikiwa bei gani.

Na lile la tarehe msilipuuze. Mwaka 1872, mwezi wa Aprili, kimbunga kiliipiga Unguja kikalaza mashamba mengi ya mikarafuu. Pemba kwa sehemu kubwa ilisalimika. Hebu fikirini mthamini angefika Pemba wiki moja kabla na wiki moja baada. Shamba ni lile lile, mti ni ule ule, mwenye shamba ni yule yule, hata hajaamka kitandani. Lakini wenye karafuu wa upande wa pili wameondoka sokoni. Ndiyo maana kila ripoti yangu ina tarehe juu, na mtu akiniletea ripoti ya miaka sita iliyopita akitaka kuuzia, namwambia hii ni kumbukumbu, ihifadhi kabatini.

Turudi kwenye jambo ambalo watu wa bara wakija hapa huwachanganya kabisa. Sisi Zanzibar, mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Unaweza kukuta minazi ya shangazi imesimama kwenye shamba la ami, na wote wawili wana haki zao na hawagombani, wanagombana wajukuu. Juu ya hayo, kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1992, ardhi yote ni ya umma, imewekwa chini ya Rais kwa manufaa ya wananchi. Wewe una haki ya kuitumia. Kwa hiyo ukiniita "njoo unithaminie ardhi yangu", swali langu la kwanza ni: nithamini nini hasa? Haki ya matumizi? Nyumba iliyo juu yake? Miti? Miti ya nani? Au ni eka tatu alizopewa babu baada ya Mapinduzi, na haki ikapita kwa watoto tisa ambao wanne wapo Tanga, mmoja yuko Muscat na hapokei simu?

Msidhani nauliza kwa kujifanya mjuzi. Nauliza kwa sababu niliwahi kutouliza.

Nilikuwa kijana, nina leseni mpya na futikamba mpya. Nikapelekwa nyumba moja Mji Mkongwe, mwenyewe anataka kuiweka rehani benki. Nyumba nzuri, ghorofa mbili, mlango wa nakshi una misumari ya shaba, ua katikati. Nikapima kila chumba. Nikapanda juu nikatazama dari. Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari limebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba, kama mita tatu hivi, kwa sababu boriti ndipo inapoishia. Ncha ya boriti iliyozama ukutani ndiyo huoza kwanza, na huioni kwa macho. Nikagonga moja moja kwa kifundo cha kidole na sikio nimelitega. Nikakuta sebule imepigwa plasta ya saruji, mpya, nyeupe, inang'aa. Mwenyewe anajisifu. Mimi nikasikitika, maana ukuta wa chokaa hupumua, ukiufunika kwa saruji unyevu hukosa pa kutokea, ukarudi ndani, chumvi ikapanda, na siku moja plasta inashuka na jiwe lake. Uzuri wa mkakasi. Nikabonyeza karibu na sakafu, plasta ikalia utupu. Nikaandika yote hayo. Nilijiona fundi kweli kweli.

Nikatoka. Barazani palikuwa na bibi anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, nikapita zangu, nina haraka. Wiki tatu baadaye ikabainika kwamba nusu ya nyuma ya ile nyumba, vyumba vinne na kisima, ni wakfu wa msikiti tangu enzi za babu wa babu. Mwenyewe alikuwa akikaa humo kwa kodi ndogo, na kwa miaka mingi wameubomoa hata ule ukuta wa katikati. Karatasi aliyonionyesha ilikuwa ya nusu ya mbele, mimi nikaisoma jina la mtaa na jina lake, sikuisoma vipimo. Wakfu hauuzwi, hauwekwi rehani, haurithiwi. Kwa kazi ile ya benki, vyumba vile vinne thamani yake ilikuwa sifuri, na mimi nilikuwa nimeviandikia mamilioni.

Nilirudi pale, nikakaa barazani na yule bibi. Nikamwambia yaliyonipata. Hakuinua macho kwenye mchele. Akasema, "Mwanangu, hukuniuliza."

Tangu siku ile, ndugu zangu, sianzi na futikamba. Naanza na baraza. Namtafuta sheha, namtafuta jirani wa kulia na wa kushoto, namtafuta mtu mzima kuliko wote mtaani. Nikiona neno "wakfu" limetajwa hata kwa mzaha, nakwenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kabla sijapima hata kizingiti. Na ikiwa ni Mji Mkongwe naongeza swali: unaruhusiwa kufanya nini humu? Mji ule uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Huwezi kupandisha ghorofa ya tatu ukitaka, wala kung'oa dirisha ukaweka alumini. Mnunuzi mwerevu analijua hilo, na bei yake inalijua pia.

Mirathi sasa. Najua wengi ndilo lililowaleta, nimeona mabahasha mapajani.

Baba amefariki, madeni yamelipwa, wasia hakuacha. Kabaki mke, watoto wa kiume wawili, wa kike watatu. Mali ni nyumba moja, Ng'ambo, mjini Unguja. Kaka mkubwa anakaa humo na mkewe na wanawe, na anasema, "Sitaki nyumba ya baba iuzwe. Nitawalipa wenzangu mafungu yao. Nyumba hii milioni 96, tena kwa wema." Wote wakanyamaza, kwa heshima. Yule dada wa mwisho ndiye aliyenyanyua simu akanipigia.

Nikaitazama mitaa ile, nyumba tatu zilizouzwa karibuni, nikarekebisha kwa ukubwa, kwa njia ya gari, kwa hali ya paa. Ikaja milioni 160. Sasa sikilizeni hesabu, na kadhi akiwepo atanisahihisha. Mke ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, kwa kuwa kuna watoto: milioni 20. Zimebaki 140. Mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja, jumla mafungu saba, kila fungu milioni 20. Kwa hiyo kila dada milioni 20, kila kaka 40. Rudieni hesabu ile ile kwa milioni 96: mama 12, na kila dada 12. Dada mmoja anapoteza milioni 8, watatu milioni 24, mama 8, na kaka mdogo 16. Zimekwenda wapi? Zimebaki ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba yumo nani?

Mimi sisemi kaka yule alikuwa mwizi. Aliniambia kwa uchungu, "Paa hili nililibadilisha mimi, bati zote, baba yupo hai anaona." Na kweli alilibadilisha, nilizikuta risiti. Lakini hilo ni dai lake kwa ndugu zake, lizungumzwe mbele ya kadhi kama dai, liandikwe, likikubaliwa alipwe. Halifanywi kuwa sababu ya kuishusha nyumba. Nikaliandika peke yake, ukurasa wa mwisho. Ugomvi ukapungua nusu siku ile ile, maana kila mtu aliona jambo lake limeandikwa. Hatimaye mama akabakiwa na vyumba viwili vya mbele, dada wawili wakakubali kulipwa kidogo kidogo, na wa mwisho akachukua chake akaenda kununua kiwanja Fuoni.

Hapo nitakuwa nimewakera wanaume. Basi niwakere na wote.

Nimesema nilitazama nyumba tatu zilizouzwa. Mnajua kazi ya kupata hizo nyumba tatu ilikuwa kubwa kiasi gani? Nyumba inauzwa milioni 120, mkataba unaandikwa milioni 45, pesa zilizobaki zinapita mkono kwa mkono ili kodi na ada ziwe ndogo. Muuzaji anajua, mnunuzi anajua, dalali anajua, shahidi anajua. Miaka mitano baadaye inakuja barabara, au skuli, au mtaro, nyumba inataka kufidiwa, na mwenyewe anakuja juu: "Vipi mniandikie 60?" Nami nafungua mafaili ya mtaa mzima, kila mkataba 40, 45, 50. Tumelidanganya daftari, kisha tunalia daftari likitudanganya. Kwa hili madalali, na nawaona pale mlangoni mnataka kutoka, nyinyi ndio mnaojua bei za kweli kuliko mimi. Kijana wa dalali anayenipa bei tatu za kweli ananisaidia kuliko kompyuta. Lakini dalali analipwa bei ikiwa kubwa, kwa hiyo namsikiliza kwa sikio moja na sikio la pili nampa mnunuzi.

Ndiyo maana na mimi msinilipe hivyo. Nalisema wazi, ijapokuwa wenzangu wengine hawatapenda: mthamini anayekwambia "nipe asilimia ya namba nitakayoandika" mkimbie. Ada yangu tunakubaliana kabla sijafika, nikiandika 60 ni hiyo hiyo, nikiandika 160 ni hiyo hiyo. Kijana mmoja mfanyabiashara aliniambia, "Mwalimu, nipandishie kidogo tu, benki haitajua." Nikamwambia benki itajua siku utakaposhindwa kulipa, nyumba ikapigwa mnada, na mnada hauna aibu. Deni litabaki pale juu na nyumba itakuwa imeshakwenda. Alikasirika. Alitafuta mwengine, akapata. Yaliyofuata si ya kusimulia hadharani.

Nimeonyeshwa saa, magharibi imekaribia. Nichukue swali moja, la yule mama mwenye kanga ya buluu aliyenyoosha mkono tangu mwanzo.

Anauliza: yeye ana mikarafuu tisa aliyoachiwa na mjomba, ardhi si yake, na mwenye ardhi anataka kujenga. Anaambiwa atalipwa kwa kila mti, sawa sawa na kuni. Afanye nini?

Mama yangu, usiukate hata tawi, na usipokee pesa bado. Uza karafuu zako kituoni kama kawaida na risiti uzitunze, za msimu huu na za nyuma ukizipata. Jumamosi nitakuja inshallah, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mwite mwenye ardhi awepo, kwa wema, na mwite sheha. Na kama yupo mtu mzima aliyemwona mjomba wako akiipanda ile miti, huyo mwekee kiti kivulini, maana nitaanza naye.